Chozi wa Mbuya na Wavumaji wa Ng'ambo

Trinidad, Venezuela na kaskazini mwa Brazili kuna ndege mvumaji mwenye uzito wa gramu 2.3 hivi, Lophornis ornatus. Dume ana kishungi cha rangi ya machungwa, na mashavuni manyoya marefu yenye vidoa vya kijani, ambayo huyatandaza anapomchumbia jike.

Uzuri uliwaponza wavumaji. Mwaka 1851 John Gould aliwaonyesha watu wa London wavumaji wengi waliokaushwa, naye mwenyewe alikuwa hajapata kumwona hata mmoja akiwa hai. Baadaye ngozi zao ziliuzwa mnadani kupamba kofia za wanawake. Ni wanawake wa Uingereza pia walioanzisha chama cha kuwatetea ndege mwaka 1889. Sheria ya kuzuia uingizaji wa manyoya ikapita mwaka 1921.

Afrika haina mvumaji. Hata hivyo, mwaka 2004 Gerald Mayr alitangaza mabaki ya wavumaji yaliyochimbwa Frauenweiler, Ujerumani, yenye umri wa miaka milioni 30 hivi. Kumbe upande huu wa bahari nao uliwahi kuwa na wavumaji! Leo asali ya maua yetu hunywewa na chozi. Hawa si ndugu: mvumaji yuko karibu na teleka, chozi ni wa kundi la ndege waimbaji. Kila ukoo ulifika kwenye ua kwa njia yake.

Pale Mbuya, kilima cha mashariki mwa Kampala, chozi kifua-chekundu huingia hadi bustani za nyumbani. Dume ni mweusi, paji na koo kijani kinachometameta. Ukimkaribia utaona kifua chekundu kimepitiwa na vistari vya buluu. Mara nyingi hutua kwenye kikonyo, na ua likiwa refu mno hulitoboa shinani akanywa.

Linnaeus alimpa ndege huyu jina la kisayansi mwaka 1766, kwa kielelezo cha Senegal. Zamu ya ndege wa Uganda ilifuata baadaye sana. Franz Stuhlmann, aliyesafiri na Emin Pasha, alipanda Rwenzori mwaka 1891; miaka miwili baadaye chozi wa mlima huo akapewa jina lake. Harry Johnston, aliyetia saini Mkataba wa Buganda wa 1900, tayari alikuwa na wake tangu 1885: chozi wa milobelia, mwenye vishada vyekundu ubavuni. Frederick Jackson, aliyekuwa gavana wa Uganda kuanzia 1911, aliandika kitabu kikubwa cha ndege kilichotoka mwaka 1938, yeye akiwa amekwisha kufa. Wenyeji waliowaongoza wageni hao milimani hawakupewa hata chozi mmoja, na hiyo ni dhuluma.

Sasa Mbuya inajengwa ghorofa juu ya ghorofa. Wewe unayejenga huko, uache mti mmoja wa kifabakazi kwenye ua wako, na usifagie kila utando wa buibui chini ya paa. Jike la chozi hufungia kiota chake kwa nyuzi hizo.