Pombe ya Wazee na Sheria za Mji

Kwa desturi ya Wakikuyu, pombe ya asali au ya miwa haikuwa kinywaji cha kila mtu. Ilikuwa ya wazee, ya mahari na ya tambiko, vijana hawakuruhusiwa. Aliyetaka kuitengeneza mara ya kwanza alianza na tunda la mwegea, ndilo muratina. Alilipasua, akalichemsha, akalianika juani, kisha akalilowesha katika maji ya miwa machache hata likashika chachu. Likaanikwa tena, likatunzwa kwa pombe zijazo. Kibuyu kiliwekwa karibu na moto, kwani baridi huzuia kuchachuka.

Mjini mambo yaligeuka. Tangu miaka ya 1920 halmashauri ya Nairobi iliuza pombe katika kilabu chake cha Pumwani, na faida ikatengwa kwa ustawi wa Waafrika. Lakini mwanamke aliyepika nyumbani alishtakiwa. Sheria ya mwaka 1980 ilikataza chang'aa. Ile ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa leseni.

Sisi twaona ya kuwa leseni haiwezi kushika mahali pa adabu. Desturi ilijua nani anywe, lini, na kwa sababu gani. Wazee wetu na watufundishe hayo, yasije yakapotea pamoja na vibuyu.