Neno "Kichomi": Asili na Matumizi Yake Lodwar na Kakuma

Makala haya mafupi yanakusudia kulichunguza neno kichomi, mojawapo ya maneno ya Kiswahili yatajayo maumivu makali. Tutaanza na umbo lake, tueleze jinsi maana yake ilivyopanuka, kisha tulitazame katika miji ya Lodwar na Kakuma, huko Turkana, ambako Kiswahili ni lugha ya kukutania watu wa asili mbalimbali.

Kiumbo, neno hili lina kiambishi ki-, mzizi -chom- na kiishio -i. Kiishio hicho ndicho tukionacho katika msomi na mshoni, nacho humtaja mtenda. Kwa hiyo kichomi si tendo la kuchoma, ambalo ni mchomo, bali ni kile kichomacho. Maumivu yenyewe yamefanywa mtenda aliyemo mwilini.

Kitenzi choma nacho kina pande mbili: upande wa ncha na upande wa moto. Mwiba humchoma mtu, na nyama huchomwa. Ule wa ncha ndio uliomo katika methali isemayo, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole." Tanzania mgonjwa huchomwa sindano; Kenya, hasa bara, aghalabu hudungwa. Hivyo dunga limetwaa sehemu ya maana ya ncha, na choma likaelemea moto. Msikilizaji wa bara huenda akadhani kuwa kichomi ni maumivu ya kuunguza, mfano wa kiungulia.

Baadaye maana ilipiga hatua nyingine. Nimonia ikifika kwenye utando uzungukao mapafu, mtu mzima huhisi kuchomwa ubavuni kila avutapo pumzi. Dalili hiyo ikaupa ugonjwa jina, na leo kichomi ni maumivu, na pia ni ugonjwa wa mapafu.

Neno lenye historia hii lilifikaje Turkana? Wakati wa ukoloni wilaya hiyo ilikuwa imefungwa, na Kiswahili kilisikika hasa katika vituo vya serikali, vinywani mwa askari, makarani na wafungwa. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung tangu 1953, akahamishiwa Lodwar mwaka 1959, akakaa huko hadi 1961. Baada ya uhuru, shule na zahanati zilikieneza zaidi. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilianzishwa Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar. Huko wamekutana watu wa Sudan, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko, baadhi wakiwa na Kiswahili chao wenyewe na wengine wakianza kujifunza.

Kiturkana ni lugha ya Kiniloti, wala si ya Kibantu. Anayejifunza Kiswahili kutoka lugha kama hiyo hulipokea neno kichomi zimazima, bila lazima ya kuuona mzizi wake. Maana atakayoshika ni ile aliyoisikia kwanza. Aliyelisikia kwa muuguzi atashika ugonjwa. Aliyelisikia njiani, kwa mtu aliyejishika ubavu baada ya mwendo mrefu, atashika maumivu.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Tuchukue mfano wa mama aliyeambiwa kwamba kichomi huua watoto. Kama kwake kichomi ni maumivu ya kuchoma, atangoja mtoto alalamike kuwa anachomwa. Lakini mtoto mchanga hawezi kusema hivyo. Dalili zake ni kuhema upesi na kifua kubonyea ndani avutapo pumzi. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi 11 anahema upesi afikishapo pumzi 50 kwa dakika; wa miezi 12 hadi 59, pumzi 40. Jina linamwelekeza mama kwenye dalili ya mtu mzima, hali mauti yanamnyemelea mtoto kwa dalili nyingine.

Hatusemi kwamba neno hili litupwe. Ni neno zuri, tena la asili, na nimonia ya mkopo haimwelezi msikilizaji lolote. Tunalosema ni kwamba katika miji kama Lodwar na Kakuma lisitumwe peke yake. Mwenye kulitamka mbele ya mgonjwa aulize kwanza mwenziwe analielewaje, na mwenye kulifundisha alifuatanishe na pumzi zinazohesabika. Historia ya neno imo katika umbo lake, lakini si kila alisikiaye amerithishwa historia hiyo.