Mwingiliano wa lugha

Mwingiliano wa lugha ni hali ambapo lugha mbili za mzungumzaji mmoja huathiriana katika matamshi, msamiati, sarufi au maana. Uriel Weinreich aliijadili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1953 kuhusu mgusano wa lugha. Ni tofauti na ukopaji: neno la mkopo hutumiwa hata na wasiojua lugha lilikotoka.

Athari iliyo rahisi kusikika ni ya matamshi. Kikuyu hakina sauti /l/, hivyo baadhi ya wazungumzaji wake husema “rara” badala ya “lala”. Kijaluo hakina /sh/, na “shamba” huweza kuwa “samba”. Katika sarufi, Kijaluo hakina ngeli za Kibantu, na upatanisho kama “kitabu yangu” husikika, ingawa si kwa Wajaluo peke yao.

Athari hii haitoki lugha ya kwanza kwenda ya pili tu, kama jina la kawaida “athari za lugha mama” linavyodokeza. James Emil Flege alionyesha mwaka 1987 kwamba Wafaransa walioishi muda mrefu Chicago walitamka /t/ ya Kifaransa kwa mpumuo mrefu kuliko Wafaransa wa lugha moja, nao Wamarekani wa Paris walifupisha ule wa Kiingereza. Lugha nyingi za Tanzania, vivyo hivyo, zimepokea viunganishi vya Kiswahili, hasa “lakini”, kupitia wazungumzaji wa lugha mbili.