Kizuri Kisichopata Soko

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina kweli nyingi, lakini haitoshi kuwa kanuni ya historia ya muziki, kama zinavyoonyesha habari za kundi la Big Star la mji wa Memphis, Marekani.

Kundi hilo liliundwa mwaka 1971 na vijana wanne: Chris Bell, Alex Chilton, Andy Hummel na Jody Stephens. Chilton alikwisha kujulikana, maana mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 16, aliimba wimbo wa The Letter wa kundi la Box Tops, uliopanda hadi nafasi ya kwanza nchini humo. Santuri ndefu ya kwanza ya Big Star, #1 Record, ilitoka mwaka 1972 kwa chapa ya Ardent, studio ya John Fry. Na kazi ya kuisambaza ilikuwa ya Stax, kampuni mashuhuri ya muziki wa soul.

Waandishi wa muziki waliisifu sana. Lakini Stax ilikuwa na wateja wa namna nyingine, na walioisoma sifa hiyo hawakuiona santuri madukani. Mwaka uo huo Stax ikaikabidhi Columbia kazi ya kusambaza santuri zake. Columbia haikuwataka wafanyabiashara wa jumla waliotumiwa na Stax hapo kwanza, na hata nakala zilizokuwapo zikaondolewa. Hazikuuzwa 10,000. Bell, aliyeitumikia kazi hiyo kwa moyo wote, akajitoa kundini.

Mei 1973 waandishi wa muziki walikutana Memphis. Watatu waliosalia wakawapigia, wakashangiliwa hata wakaazimia kuendelea. Mwezi huo huo Clive Davis, mkuu wa Columbia aliyefanya mapatano na Stax, aliondolewa kazini. Kwa hiyo Radio City ilipotoka mwaka 1974, ilikuta kampuni mbili zinazogombana, nayo ikasifiwa na kukosekana kama ile ya kwanza. Stax ilifilisika Desemba 1975. Nyimbo za santuri ya tatu, zilizorekodiwa mwaka 1974, zilingoja mpaka 1978. Desemba ya mwaka huo Bell alikufa katika ajali ya gari, naye ana miaka 27.

Baadaye kundi la R.E.M. lilikiri kuathiriwa na Big Star, na mwaka 1987 The Replacements walitoa wimbo uitwao Alex Chilton. Basi, mwanahistoria asidhani kwamba kimya cha soko ni hukumu ya wasikilizaji. Hukumu hutolewa na aliyesikia. Na hapa wengi hawakupewa nafasi ya kusikia. Kabla ya kuuliza kwa nini kazi fulani haikupendwa, ni wajibu kuuliza kwanza kama ilifika.