Chenso ya Zamani Stoo: Itambue Kabla ya Kuivuta Kamba

Ukifika wakati wa kupunguza kivuli kwenye kihamba, kila mtu hutafuta msumeno. Kwenye stoo nyingi za wazee, chini ya magunia ya kahawa, kuna chenso iliyojaa vumbi. Wapo wanaoipeleka kwenye chuma chakavu, na wapo wanaoiwasha siku hiyohiyo. Usifanye lolote kati ya hayo kabla hujaijua.

Ilikotoka

Kabla ya chenso, gogo lilipasuliwa na watu wawili: mmoja juu ya gogo, mwingine shimoni akimwagikiwa na vumbi la mbao. Mwaka 1927 Mjerumani Emil Lerp alijaribu mashine ya petroli kwenye mlima uitwao Dolmar, na jina la chapa ya Dolmar likatokana na mlima huo. Mashine hiyo ilikuwa na kilo 58 na ilishikwa na watu wawili. Mwaka 1929 Andreas Stihl alitoa yake ya kilo 46. Chenso ya Stihl ya mtu mmoja ilitoka mwaka 1950, na Husqvarna ya Sweden ilianza kutengeneza chenso mwaka 1959.

Mnyororo nao una historia yake. Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, Marekani, alimtazama buu akitafuna gogo kwa kwenda kushoto na kulia. Akatengeneza mnyororo wenye meno yanayopishana kwa mtindo huo, na mwaka 1947 akaanza kuuuza. Minyororo ya leo bado inafuata wazo lake.

Itambue

- Futa uchafu, tafuta kibati au maandishi ya chapa na namba ya modeli. Bila hiyo, fundi atakuuzia kipuri kisichoingia.
- Angalia mbele ya mshikio wa juu. Breki ya mnyororo ilianza kuenea miaka ya 1970. Kama haipo, chenso hiyo ikiruka kuelekea usoni hakuna cha kusimamisha mnyororo.
- Angalia kama mishikio imetenganishwa na injini kwa mipira. Kama haipo, mtikisiko wote unaingia mikononi.
- Pima mnyororo kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tatu, gawa kwa mbili. Hicho ndicho kipimo cha kununulia mnyororo mpya.

Ifufue

Mwaga mafuta yote ya zamani. Fungua plagi, tia matone machache ya oili kwenye silinda, kisha vuta kamba polepole. Ikigoma usilazimishe, iache ilale na oili. Kagua mpira wa mafuta ndani ya tangi na ngozi ya kabureta, maana hukauka na kupasuka. Kama ina platini, isugue kwa msasa laini, kisha angalia kama plagi inatoa cheche. Usifanye hivyo karibu na petroli.

Kwa chenso nyingi za zamani na oili ya kawaida ya tu-stroku, changanya 1 kwa 25: lita 5 za petroli kwa mililita 200 za oili. Ukiwa na kitabu chake, fuata kitabu.

Mlima wetu

Msitu wa Kilimanjaro ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1921. Mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili ili wananchi wapate kuni na mbao. Uchunguzi wa ndege mwaka 2001 ulikuta maelfu ya miti ya kamfa imekatwa kinyume cha sheria, na mwaka 2005 msitu ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Maji ya mifereji yetu yanatoka huko.

Kwa hiyo, hata mringaringa au mgrevilea ulioupanda mwenyewe, pita kwanza kwa serikali ya kijiji na afisa misitu wa wilaya, uliza kuhusu kibali cha mti na cha chenso yenyewe. Chenso isiyo na breki ibaki stoo kama kumbukumbu ya mzee. Kazi mpe fundi mwenye mashine salama, kofia na buti. Gharama yake ni ndogo kuliko mguu.