Geji na Skeli: Vipimo Viwili vya Toroli Moja

Treni ndogo za bustanini, ambazo wapenzi wake huko Ujerumani, Uingereza na Marekani huziendesha nje katikati ya maua na nyasi, nyingi hupita kwenye reli za geji ya milimita 45. Geji ni umbali kati ya nyuso za ndani za vyuma viwili vya reli. Wapo wanaopendelea kusema "upana wa reli", ila fundi akiambiwa hivyo anaweza kupima unene wa chuma chenyewe, au hata upana wa tuta zima. Mimi nashikilia geji.

Skeli ni jambo jingine kabisa: hueleza kitu halisi kimepunguzwa mara ngapi. Kampuni ya Ernst Paul Lehmann ya Ujerumani ilipotoa treni za LGB mwaka 1968, ilichukua treni za geji ya mita moja ikazipunguza mara 22.5. Reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu ni ya geji hiyohiyo, kwa hiyo mfano wake ungekaa sawasawa kwenye milimita 45. Treni ya reli mpya ya SGR, yenye geji ya milimita 1435, nayo ingekaa kwenye reli zilezile, lakini kwa skeli ya 1:32. Na treni za milima ya Colorado, zenye geji ya futi 3, huingia kwa 1:20.3.

Seremala anayetengeneza toroli ya kuhifadhia treni hizi lazima azitenganishe istilahi hizi mbili. (Nasema toroli, kwa sababu kiberenge hutembea juu ya reli, na hiki ni chombo cha kusukumwa kutoka stoo hadi bustanini.) Rafu zake ni za plaiwudi, na kila rafu ina mifereji ya kupokea magurudumu. Mifereji hufuata geji: ukiichonga kwa milimita 45, mabehewa ya skeli zote tatu yataingia. Kimo cha rafu hufuata skeli. Kichwa cha treni chenye kimo cha mita 3.6 huwa sentimita 11 hivi kwa skeli ya 1:32, sentimita 16 kwa 1:22.5, na karibu 18 kwa 1:20.3. Aliyesoma "45" kwenye boksi akadhani amemaliza kupima ataona bomba la moshi linagonga rafu ya juu.

Mengine ni ya useremala wa kawaida: magurudumu makubwa ya mpira yasiyozama kwenye nyasi, breki, vichwa vizito rafu ya chini, na kizuizi kila mwisho wa mfereji ili behewa lisiteleze toroli ikiinama. Kwenye mchoro, andika geji kando ya mfereji na skeli kando ya kimo cha rafu, kisha ongeza nafasi ya mkono kuingia.