Executive MBA ama MBA ya Full-Time? Soma Hii Kabla Mathe Asaini Fomu ya Sacco

Mwezi uliopita beshte yangu wa mtaa alinitumia insha yake ya kuomba chuo niipige pasi. Mimi mwenyewe niliacha campo mwaka wa pili, lakini kuandika ndio kazi yangu, so wasee wakiomba shule hunikumbuka. Jamaa ako na miaka 27, analipwa kitu kama thao 80 kwa mwezi kushughulikia kompyuta za kampuni fulani huko Indaa. Anaomba Executive MBA. Sentensi ya kwanza ya insha yake inasema anataka kuachana na kompyuta aingie mambo ya fedha, benki kubwa kubwa. Nikamuuliza karo inatoka wapi. Akasema sacco, na mathe wake ni mmoja wa wadhamini.

Hapo nikaacha kusahihisha koma, tukaanza kuongea.

Kitu ya kwanza watu hukosea ni hilo neno "executive". Wengi hudhani ni MBA ya daraja la juu, kama kukata tiketi ya VIP. Zii. Masomo ya msingi ni yaleyale: uhasibu, fedha, masoko, mikakati, kuongoza watu. Harvard walianzisha MBA mwaka wa 1908. Executive ikakuja 1943 pale University of Chicago, ikilenga watu ambao tayari ni mameneja na hawawezi kuacha ofisi waende kukaa darasani. Tofauti ni ratiba na mwanafunzi mwenyewe.

Kwa Executive, unabaki kazini. Darasa ni wikendi, ama siku kadhaa mfululizo halafu unarudi ofisini. Unakaa na watu wa miaka 35 hadi 45, wakuu wa idara, wenye biashara zao, na nusu ya somo ni wao kuleta shida za kampuni zao mezani. Hapa Nairobi Strathmore Business School wako na MBA for Executives, na USIU-Africa kule Thika Road wako na Global Executive MBA. Kama wewe tayari unaongoza timu na unataka kupanda kwa ngazi hiyohiyo, hii imekufaa. Jumatatu unajaribu kazini kile ulifunzwa Jumamosi.

Lakini kama hujawahi kusimamia hata mtu mmoja, utaongea nini wakianza kujadili jinsi ya kufunga tawi lenye wafanyakazi 200? Utakaa tu ukiandika noti.

Ile ya muda wote ni ya mtu anataka kubadilisha njia. Marekani kwa kawaida ni miaka 2, na katikati kuna likizo ndefu ambayo wanafunzi huenda intanshipu. Hiyo intanshipu ndio siri ya mchezo mzima. Mtu wa kompyuta anaingia benki miezi miwili mitatu, wanamwona akifanya kazi, wakimpenda wanampa ofa. Ulaya nyingi ni mwaka mmoja hivi, INSEAD wanamaliza kwa miezi 10, so muda wa kujijaribu upande mpya ni mdogo. Executive kwa kawaida haina hiyo nafasi, kwa sababu wanachukulia tayari una kazi unayoitaka.

Sasa ganji. Ukiacha kazi ya thao 80 kwa miaka 2, umepoteza 1,920,000 hata kabla hujalipa karo, rent na ndege. Watu hupiga hesabu ya karo pekee halafu wanashangaa. Executive inakuachia mshahara, na mara nyingine kampuni yenyewe inalipa. Ila soma ile karatasi wanakupea usaini. Kuna bondi: wakilipa, unakubali kukaa miaka kadhaa baada ya kumaliza, na ukitoka mapema unawarudishia doo. Kama mpango wako ni kuhama, hiyo bondi ni kamba shingoni.

Kuna upande mwingine wa ganji watu husahau. Skolashipu nyingi kubwa hupenda wanafunzi wa muda wote. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, haichukui kozi za part-time, na ukimaliza lazima urudi nyumbani angalau miaka 2. Visa nayo iko hivyo. Marekani visa ya mwanafunzi ya F-1 inataka usome muda wote, na ukimaliza unaweza omba OPT, miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na ulichosomea. Darasa la wikendi halikufungulii huo mlango.

Na kuna njia ya tatu ambayo haina jina kubwa, ndio maana hakuna mtu huipost: MBA ya kawaida ya jioni. Vyuo vingi Nairobi ziko nayo. Unatoka job, unapanda mat, unaingia class ukiwa na njaa, unafika keja usiku. Inachosha kishenzi, lakini unasoma na watu wa rika lako na mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi. Hakikisha tu chuo na kozi zinatambuliwa na CUE kabla utume hata bob ya fomu.

Kama bado unawazia full-time ya majuu, fanya GMAT mapema ukiwa na muda. Matokeo hukaa miaka 5.

Huyo beshte yangu nilimwambia aende aulize HR maswali mawili: kampuni inalipia nini, na anaweza kuhamia idara ya fedha bila digrii yoyote mpya? La kwanza wakamjibu hakuna kitu. La pili wakamwambia kuna nafasi ya kusaidia kwenye bajeti, robo ya mwisho ya mwaka, bila nyongeza.

Ameichukua. Insha bado iko kwa simu yangu, na fomu ya sacco mathe ameiweka chini ya kitambaa cha TV, haijasainiwa.